Alianguka au Aliangushwa?

Msomaji mwenzangu, kabla hujaniuliza mimi ni nani hata nithubutu kuzungumzia sarufi ya Kiingereza, nakiri mapema: Kidato cha Nne nilipata D ya somo hilo, na hiyo D yenyewe sikuitegemea. Kwa hiyo usitegemee hapa mafundisho ya mwalimu. Haya ni maungamo.

Nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Singida mjini, si mbali na stendi. Tunatoa fotokopi, tunaskani vyeti, tunachapa barua, tunawajazia vijana fomu za vyuo na za ajira. Jioni wateja wakiisha, kompyuta inakuwa yangu, nami naandika hadithi. Kwa miaka mitatu hadithi hizo niliziandika kwa Kiingereza, kwa sababu ambayo leo naona haya kuitaja: niliamini kwamba mwandishi wa Kimombo ni mwandishi zaidi. Kijiweni waliniita Profesa. Nusu heshima, nusu kejeli, nami nilichukua ile nusu niliyoipenda.

Siku moja, msimu wa vitunguu, akaingia mzee mmoja kutoka upande wa Ilongero. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe ndiye unayejua Kizungu."

Nikacheka cheka. Nikamwambia kidogo kidogo tu mzee, lakini moyoni nilishavimba.

Akanieleza shida yake. Kijana wake ni utingo wa malori. Siku ya tukio alikuwa juu ya mzigo wa lumbesa anakaza kamba. Dereva akaondoa gari bila kuangalia kama kuna mtu juu. "Mwanangu akaangushwa," alisema mzee. Nyonga ikavunjika, miezi minne kitandani. Kampuni ilitoa hela ya dawa ya wiki ya kwanza, basi, ikanyamaza. Sasa mzee anataka barua iende ofisi kuu Dar es Salaam, iandikwe Kizungu ili waione ya maana.

Nikaanza kuchapa. Salamu na kichwa cha habari vilikwenda vizuri, hivyo nilivikariri shuleni. Nilipofika kwenye tukio lenyewe, nikaandika hivi: "The lorry was gone when my son is up and he was fallen." Nikaisoma. Ilinuka. Nilijua kabisa kwamba "he was fallen" haisemwi, ila nilichokuwa sijui ni kinachosemwa. Nyuma ya mzee kulikuwa na foleni ya watu wanne, na kijana mmoja mwenye flashi alikuwa anagonga kaunta kwa kidole. Nikafuta yote. Nikaandika: "My son fell from the lorry."

Maneno sita tu. Hakuna mstari mwekundu uliotokea chini yake. Hata mwalimu wangu wa Kidato cha Pili angeiwekea vema. Nikamsomea mzee barua nzima kwa Kiingereza, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa ilisikika vizuri. Akaweka dole gumba, akalipa elfu mbili, akaenda zake.

Baada ya miezi miwili alirudi na jibu. Nalo lilikuwa kwa Kiingereza. Lilisema, kwa ufupi, kwamba kwa mujibu wa barua yako mwenyewe mwanao alianguka, na kampuni haiwezi kuwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi. Nikalisoma kimya mara mbili. Mzee ananiangalia usoni. Nikamwambia, "Mzee, wamekataa." Sikumwambia kwa nini. Akasema basi, Mungu yupo, akakunja karatasi yake na kuondoka.

Jamani, mimi usiku ule sikulala.

Hebu tuitazame sentensi yangu kwa makini, maana swali langu lote limo mle. Sentensi ya kwanza ilikuwa mbovu kisarufi lakini ilikuwa na lori lililoondolewa. Kwa mbali, ndani ya ubovu wake, ungeweza kumwona dereva. Sentensi ya pili ilikuwa safi kama sahani iliyosuuzwa, na dereva hayumo. Nilifanya usahihi, nikapoteza ukweli. Sikudanganya kwa kupenda. Nilisema tu kile ambacho sarufi yangu iliweza kukisema, na kwa kuwa sarufi yangu ilikuwa fupi, ukweli ukakatwa miguu ili utoshe.

Nauliza: Je, huo ni uongo? Mwongo ni yule anayejua ukweli na kusema kingine. Ukweli niliujua, mzee alinieleza vizuri, na nikasema kingine. Nia ya kudanganya sikuwa nayo. Nilikuwa na nia ya kutoaibika. Wenzangu waandishi, hapo ndipo ninapotaka tuumane. Naamini sehemu kubwa ya uongo uliomo katika maandishi yetu sisi vijana haitokani na ubaya wa moyo. Inatokana na aibu ya kuchapia.

Sasa angalia Kiswahili kinavyofanya kazi. Anguka, angusha, angushwa. Silabi inabadilika, na lawama inahama. Alianguka: shauri yake. Aliangushwa: kuna mtu. Mzee yule hajasoma zaidi ya darasa la nne, lakini kauli ya kutendwa aliitumia mahali pake kama wakili. Mimi mwenye cheti ndiye niliyemrudisha kwenye kauli ya kutenda na kumfanya mwanawe mwenye kosa.

Wala tusijidai kwamba Kiswahili ni malaika. Tunayo kauli ya kutendeka, maficho ya siku zote. Mtoto akivunja kikombe, anasema kimevunjika. Mhasibu akila hela ya kikundi, anasema hela zimepotea. Kikombe gani kinajivunja, na hela gani zinatembea? Kila lugha ina mlango wa nyuma wa kumtorosha mtenda. Sarufi, basi, ni zaidi ya mambo ya mitihani. Ni mahali tunapoamua nani kafanya nini na nani kafanyiwa. Mwandishi asiyeijua milango ya lugha anayoitumia, watu watatorokea mgongoni mwake naye hana habari.

Nilipowasimulia washikaji kijiweni, wakagawanyika. Mmoja akasema, "Nilikwambia achana na ung'eng'e. Andika Kiswahili, mambo yaishe." Mwingine, ambaye anaendesha bodaboda na kila jioni anasikiliza masomo ya Kiingereza kwenye simu, akamjia juu: "Huko ni kukata tamaa. Dawa ya kutojua ni kujua." Wote wawili wana hoja, nami nimekaa na hoja zao muda mrefu.

Nianze na huyu wa kwanza. Ni kweli nchi hii imekiweka Kiingereza mahali ambapo hakikuhitajika. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akifika sekondari anageuziwa kibao. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye na nikaingia Kidato cha Kwanza nikakuta yale yale: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, sisi tunakremu. Nilijua kuandika fasili ya usanisinuru bila kujua kwamba inahusu majani ya mwembe nyumbani. Ukilelewa hivyo, unazoea kwamba Kiingereza ni kitu cha kukaririwa, si kitu cha kusemea. Ndiyo maana siku ya mzee sikutafuta namna ya kusema jambo. Nilitafuta sentensi niliyokwisha kuiona.

Mahakama za ngazi za juu nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mtu alihojiwa kwa Kiswahili, na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nikisoma habari hizo huwa najiuliza: katika miaka yote ile kabla, ni akina nani "waliangushwa" kwa Kiswahili na "wakaanguka" kwa Kiingereza?

Kwa hiyo mshikaji wa kwanza ana haki ya kukasirika. Na waandishi wetu wapo waliompa mfano. W. E. Mkufya alitoa riwaya yake The Wicked Walk kwa Kiingereza mwaka 1977, kisha akaileta kwa Kiswahili kwa jina la Kizazi Hiki mwaka 1980, na mwaka 1999 akatupa Ziraili na Zirani, kitabu cha fikra nzito, kwa Kiswahili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Miaka thelathini na mitano! Huyo hakuiacha lugha yake ili apate sifa haraka. Aliandika kwanza kwa lugha ambayo watu wake walijua kulimia na kupatania, ndipo akatafuta njia ya kuwafikia wengine.

Lakini mshikaji wa pili naye, tumsikilize. Bibi yangu alikuwa Mnyaturu, na Kinyaturu alikisema hadi siku ya mwisho. Mimi nakisikia, kukisema naumauma. Siku moja nilitaka kujua sarufi ya lugha hiyo inakwendaje, nikauliza huku na huku. Unajua nilielekezwa wapi? Kwa Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, aliyechambua sauti na maumbo ya Kirimi, ndiyo Kinyaturu hicho hicho, katika kazi iliyotoka mwaka 1964. Imeandikwa kwa Kiingereza. Uchumi wa Wanyaturu, jinsi walivyopangilia ng'ombe, mashamba na mahari, umo katika kitabu cha Harold Schneider cha mwaka 1970. Kwa Kiingereza. Mabadiliko ya maisha ya Wahi, hapa hapa Singida, yamo katika kitabu cha Marguerite Jellicoe cha mwaka 1978. Kwa Kiingereza. Bibi yangu alisomwa na watu asiowajua, kwa lugha asiyoijua, na mimi mjukuu wake nikitaka kuhakiki kama walimwelewa, sharti nipite kwenye mlango huo huo. Nikikiacha Kiingereza kwa hasira, nitakuwa nimewaachia wao neno la mwisho kuhusu bibi yangu. Hilo siwezi.

Ndipo nikakata shauri. Sitajifunza tena Kiingereza ili nionekane. Nitajifunza ili nisimtoroshe dereva. Ni nia tofauti, na nimeona kwamba nia ikibadilika hata namna ya kujifunza inabadilika.

Nilinunua daftari la kaunta. Kila siku naandika sentensi tatu tu za Kiswahili, za kweli, nilizozisikia dukani au kwenye hiace, halafu nahangaika nazo hadi Kiingereza chake kiseme jambo lile lile, si jambo la jirani yake. Ya mzee ilikuwa ya kwanza, na ilinichukua siku nne kupata "he was thrown off". Ndiyo, siku nne kwa maneno manne. Nilijaribu pia programu ya simu inayosahihisha. Nikaipa ile sentensi yangu mbovu, ikanirudishia kwa furaha kwamba kijana alianguka. Mashine ilisafisha sarufi, lakini haikumjua dereva. Angemjuaje, wakati aliyesimuliwa habari ni mimi?

Kwa njia hiyo nimegundua mambo ambayo miaka minne ya sekondari haikunionyesha. Vile vineno "a" na "the" vilinitesa mno, nikidhani ni mapambo ya Wazungu. Kumbe tofauti ile sisi tunayo, ila tumeifungia ndani ya kitenzi. Nimesoma kitabu: chochote. Nimekisoma kitabu: kile kile tunachokijua mimi na wewe. Tangu siku nilipokiona kile "ki" kidogo kinafanya kazi, "the" hainipigi chenga sana. Kumbe mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa Kiswahili changu mwenyewe, nami nilikuwa nimemkalisha nje ya darasa. Na shuleni kwetu, mtu akikutwa anaongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni!

Kuna mengine hayana daraja. Kiingereza, kwa "he" na "she" zake, kinanisukuma niseme kama mtu ni mume au mke kabla sijasema alichofanya. Hadithi yangu moja ilikuwa na mwizi ambaye hakuna aliyejua ni nani. Kwa Kiswahili nilimficha kurasa kumi bila jasho. Kwa Kiingereza alitoka nje kwenye neno la pili. Na "pole" je? Ukimwandikia mfiwa "sorry", ni neno lile lile unaloomba nalo msamaha, kana kwamba wewe ndiye uliyeua. Hapo mwandishi anaamua: ajenge upya sentensi, au amlete Mwingereza mpaka kwenye pole yetu.

Ndiyo maana simdharau Amos Tutuola wa Nigeria. Kitabu chake cha mlevi wa tembo la mnazi kilichapwa London mwaka 1952 kwa Kiingereza kinachopinda kila mahali, na wasomi kadhaa wa kwao waliona aibu, wakisema anawaabisha mbele ya Wazungu. Lakini kimeishi. Kiingereza chake kilipinda kuelekea jambo alilotaka kusema. Changu kilinyooka kwa kulikwepa. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ameandika Kiingereza kilichonyooka sawasawa, na pwani yetu imo ndani. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kwa hiyo kunyooka si usaliti, na kupinda si ushujaa. Kipimo ni kimoja: waliomo kwenye tukio, wamo kwenye sentensi?

Nirudi kwa mzee, maana maungamo hayajaisha.

Mwezi uliopita nilipanda gari nikaenda Ilongero. Nikamkuta nyumbani anapeta alizeti. Kijana wake amekaa kivulini na fimbo yake, sasa anatembea kidogo. Nikaamkia, nikapewa maji, nikaeleza yote: sentensi ya kwanza, sentensi ya pili, foleni, aibu. Mzee alinyamaza. Kijana ndiye aliyeongea: "Kwa hiyo kaka, kwenye karatasi nilijiangusha?" Nikasema ndiyo.

Mzee akauliza swali moja. "Huyo aliyejibu barua, jina lake la wapi?"

Nikamwambia. Lilikuwa jina la mtu wa hapa hapa nchini, Mswahili mwenzetu.

"Sasa kumbe anajua Kiswahili."

"Anajua, mzee."

"Basi kwa nini tulimwandikia Kizungu?"

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka. Akasema, "Nilitaka kwa sababu nilidhani ninyi mliosoma ndivyo mnavyotaka." Nami nilikuwa nimeandika kwa sababu nilidhani ofisi ndivyo inavyotaka. Na yule wa ofisini, naapa, alijibu kwa Kiingereza kwa kuwa alidhani sisi ndivyo tulivyotaka. Watu watatu wenye lugha moja, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa lugha ya nne, na katikati yetu nyonga ya kijana.

Tuliandika barua nyingine pale pale, juu ya gunia, kwa Kiswahili, kwa maneno ya mzee mwenyewe. Aliangushwa. Nikaambatanisha na nakala ya Kiingereza niliyoihangaikia kwenye daftari langu, ili asije mtu akasema hakuelewa. Safari hii mzee hakuweka dole gumba peke yake. Kijana naye aliandika jina lake. Tumeituma kwa basi, na hadi naandika haya jibu halijaja. Siwezi kuwaahidi mwisho mzuri, maana pengine barua ya kwanza ndiyo itakayoshika.

Ndugu zangu mnaoandika, nawaachia swali linalonikosesha raha. Tukisema "naboresha Kiingereza changu", au hata "naboresha Kiswahili changu", tunaboresha ili nani aone? Nami naomba kila mmoja achukue hadithi yake ya mwisho, atafute ile sentensi aliyoiandika kwa sababu ilikuwa rahisi kuipatia. Aichunguze pole pole. Nani alikuwepo pale, na sasa hayumo?

Mimi nimeanza na zangu. Katika hadithi kumi na moja, tayari nimewakuta madereva wanne.